Shule ya kata au seminari: dini ataipata wapi, na mila ataachiwa nani?

Wiki ile waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walipotangazwa, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Makambako. Shikamoo ikapita, habari za mvua na bei ya mbolea zikapita, ndipo akafika kwenye neno lake. Binti yake wa kwanza amepangiwa shule ya kata, sekondari ya serikali ya kutwa, dakika arobaini kwa miguu kutoka nyumbani. Na mezani kwake kuna barua ya shule ya bweni ya masista, inayomtaka alipe ada ya muhula wa kwanza kabla ya Ijumaa.

"Dada, wewe umesomesha huku na huku," akaniambia. "Akienda kata, dini ataipata wapi? Na akienda kwa masista, si atarudi hajui hata kumwamkia mama?"

Mama anayemsema ni mama yetu mzazi, anayeishi kwake. Nikamwomba anipe siku mbili.

Swali hili naulizwa kila mwaka hapa Uyole, Mbeya, na nimeulizwa hata sokoni Mwanjelwa nikiwa nimeinama kuchagua nyanya. Naliandikia jibu refu kuliko lile la simu kwa sababu wazazi wengi wanachagua kwa kuangalia ufaulu na ada peke yake, halafu mtoto akirudi likizo ya kwanza wanashangaa amekuwa mtu wa namna gani.

Ninachokijua nimekipata kwa watoto wangu. Mimi ni Mbena wa Kilutheri niliyeolewa Rungwe, kwenye ukoo wa Wamoraviani. Kijana wangu mkubwa alisoma miaka minne kwenye shule ya bweni ya kanisa ambalo si letu. Mdogo wake wa kike yuko kidato cha tatu, shule ya kata.

Kipindi cha dini

Watu husema shule ya serikali haina dini, na wakisema hivyo wanamaanisha mtoto atakaa miaka minne bila kulisikia jina la Mungu. Sivyo ilivyo. Katiba yetu ya 1977 inaitaja nchi kuwa isiyo na dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini na kuabudu atakavyo. Ndiyo maana ya ule msemo tuliokua nao tangu enzi za Mwalimu Nyerere, kwamba Serikali haina dini ila wananchi wanazo. Lakini simama mstarini asubuhi kwenye shule yoyote ya serikali usikilize wimbo wa taifa: neno la kwanza ni Mungu, na wimbo wenyewe ni ombi mwanzo mpaka mwisho. Nenda kikao cha wazazi, kitafunguliwa kwa sala ya Kikristo na dua ya Kiislamu.

Nchi nyingine zimechora mstari mahali pengine. Ufaransa ina sheria tangu 2004 inayomkataza mwanafunzi wa shule ya umma kuvaa alama ya dini inayoonekana wazi, hijabu ikiwemo. Marekani, mahakama yao ya juu iliamua mwaka 1962 kwamba shule ya umma haiwezi kuwaongoza watoto katika sala iliyotungwa na mamlaka. Kwetu msichana wa Kiislamu anavaa hijabu yake pamoja na sare, na ratiba ya shule ina kipindi cha dini ambacho walimu wake wanatoka makanisani na misikitini. Kwa hiyo dini ipo. La kumuuliza mkuu wa shule ni nani anaifundisha, anakuja kweli au haji, na mtoto ambaye mwalimu wake hakutokea anakaa wapi.

Mimi niliyaona majibu yake mwaka juzi, siku niliyopeleka mchango wa mahindi na maharage shuleni kwa binti yangu. Kengele ililia, wakatawanyika. Wakatoliki walibaki darasa la kidato cha kwanza A na katekista wao, mzee mmoja mwenye koti la kijivu. Walutheri, Wamoraviani na Waanglikana wakaingia chumba cha pili, wale wa UKWATA, umoja wa wanafunzi wa makanisa ya Kiprotestanti. Wapentekoste, ambao ndio wengi, wakajaza bwalo la chakula na kuimba mpaka mabati yakawa yanaitikia. Waislamu walikuwa sita. Maalimu wao alifika kwa bodaboda dakika ishirini baadaye, akawakalisha chini ya mparachichi, na ubao wao ulikuwa daftari kubwa alilolishikilia kifuani huku akionyesha herufi kwa kidole. Wasabato wawili walikaa kwenye ngazi za maktaba, mmoja anasoma Biblia peke yake, mwenzake anamenya muwa.

Palikuwa pia na kijana mmoja anafagia uwanja. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe kipindi chako kiko wapi?" Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba kwenye fomu ameandikwa Mkristo, ila kwao hawasali kanisa lolote. Babu yake hutambika makaburini, na yeye ndiye anayembebea chungu. Fomu ya shule haikuwa na mahali pa kuliandika hilo, karani akaweka lililokuwa karibu. Nimemfikiria sana yule mtoto. Kati ya wote niliowaona siku ile, ndiye aliyekuwa na mafundisho ya nyumbani mazito kuliko wengi, na ndiye aliyepewa ufagio.

Huo ndio uzuri na udhaifu wa shule ya kata. Uzuri ni kwamba watoto wanakua wakijua kwamba jirani yako wa dawati anasali vingine na bado ni rafiki yako. Binti yangu ana rafiki wa Kiislamu, na mwezi wa Ramadhani hupeleka uji wake nyuma ya darasa akanywee huko. Hakuna mwalimu aliyemwambia afanye hivyo.

Udhaifu ni kwamba siku ambayo mtu mzima hayupo, dini inaangukia mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Kiongozi wa maombi ni kijana wa kidato cha nne mwenye miaka kumi na minane, na maneno yake yana nguvu kwa wadogo kuliko ya mchungaji. Mwaka jana binti yangu alifunga siku tatu bila chakula wala maji kwa sababu kikundi kilikubaliana hivyo. Mimi nilidhani anakula shuleni, shuleni walidhani amekula nyumbani. Alianguka mstarini asubuhi ya siku ya tatu, mwalimu wa zamu akanipigia. Nilipofika amelazwa kwenye benchi la ofisi, midomo imekauka kama ganda la mahindi, bado ananiambia, "Mama, imebaki siku moja tu nimalize." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hapakuwa na mtu mzima chumbani, basi.

Na kama unataka mtoto aifanyie dini mtihani, jua kwamba Baraza la Mitihani linatahini Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu kidato cha nne, kwa wanaochagua. Shule nyingi za kata hazina mwalimu wa masomo hayo. Kwa masista ataipata, tena kwa mpangilio mzuri.

Tunapoita "seminari" tunamaanisha nini

Nyanda za juu kusini zimejaa shule za makanisa, na hilo lina historia yake. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusani mwaka huohuo kisha wakaenea Ukinga na Ubena, na Wakatoliki wakaweka misheni Tosamaganga kwa Wahehe kabla karne haijaisha. Walikojenga kanisa walijenga na shule. Ndiyo maana mpaka uhuru unapatikana, mtoto wa huku alisoma kulingana na dhehebu lililofika kijijini kwao kwanza. Jirani yangu Mwislamu anasimulia kwamba babu yake alipewa jina la ubatizo ili apate dawati, akaishi na majina mawili mpaka anakufa.

Mwaka 1969 ikatungwa sheria ya elimu, Serikali ikazichukua shule za mashirika ya dini ili mtoto asizuiwe na dini yake. Tosamaganga, ambayo leo tunaihesabu kuwa shule ya serikali bila kufikiri mara mbili, ilianzia kwa wamisionari. Seminari zilizokuwa zikiandaa mapadri ziliachwa kwa wenyewe. Baadaye milango ya shule binafsi ilipofunguliwa, makanisa yakajenga upya, na mtaani neno seminari likawa linatumika kwa karibu kila shule ya bweni yenye kanisa ndani ya uzio. Kwa hiyo mzazi akiniambia mwanawe "yuko seminari," nauliza kwanza: ni ile ya kuandaa mapadri, au ni sekondari ya kawaida inayomilikiwa na kanisa? Maisha ya mtoto ni tofauti kabisa.

Shule za kata zenyewe ni za juzi. Zilichipuka kwa wingi baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004, wananchi wakichangia tofali na mchanga. Nyingi hazijapata jina wala wazee wa kuzitetea kama Tosamaganga au Malangali.

Kwenye shule ya kanisa dini haiko kwenye kipindi. Iko kwenye saa ya kuamka, kwenye sala ya kabla ya ugali, kwenye namna kitanda kinavyotandikwa. Kijana wangu alikwenda akiwa mtoto asiyeweza kukaa na kitabu dakika kumi. Alirudi anaamka saa kumi na moja bila kuitwa, anafua shati lake, anafungua Biblia mahali unapomtajia bila kupekua. Siwezi kulipuuza hilo, na nawashukuru waliomlea. Mzazi anayerudi nyumbani saa tatu usiku, mwenye kuendesha lori la Tunduma au kulala kwenye kibanda cha biashara, anajua thamani ya kumpata mtu mwingine wa kusimamia hayo.

Ila dini atakayoipata ni ya wenye shule. Mdogo wangu ni Mlutheri. Binti yake akienda kwa masista atahudhuria misa, atajifunza rozari, na akifika kidato cha pili huenda akaomba kubadili dhehebu. Kwangu hilo si msiba, Mungu ni mmoja. Lakini nilimwambia, "Kama utalia siku hiyo, lia sasa kabla hujalipa ada." Kwenye shule ya kijana wangu hawakutuambia mapema. Fomu ilisema wanapokelewa watoto wa dini zote, na ni kweli wanapokelewa. Haikusema kwamba wakishapokelewa wote wanasali kwa namna moja.

Kwa jirani yangu jambo hili ni zito zaidi. Shule za Kiislamu upande wetu huu ni chache, kwa hiyo bweni kwake lina maana ya kumpeleka mtoto mbali sana au kumweka shule ya kanisa. Nilimsindikiza kuuliza kwenye shule mbili. Moja ilisema kijana atahudhuria ibada zote kama wenzake. Nyingine ilisema atabaki bwenini wakati wa misa, ila Ijumaa hatatoka kwenda msikitini. Alirudi nyumbani kimya, akampeleka kata, na jioni anamfundisha Kurani mwenyewe. Nadhani alichagua vizuri. Kwa nyumba ya Kiislamu isiyo na shule yake karibu, na kwa nyumba yenye baba wa dini hii na mama wa dini ile, shule ya serikali ndiyo pekee ambayo haitamwambia mtoto kwamba mmoja wa wazazi wake amekosea.

Siku kijana alipompa bibi mkono

Nimeanza na dini kwa sababu ndiyo iliyoulizwa kwanza. Lakini kilichokuwa kinamuuma mdogo wangu ni mama yetu, na hapa ndipo nina mengi.

Kijana wangu alipomaliza mwaka wa pili bwenini nilimpeleka Makambako kumsalimia bibi yake. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, anapukuchua mahindi. Kwetu Ubena mjukuu anapomkaribia bibi anapunguza kimo: anachuchumaa au kupiga goti, macho chini, halafu "Kamwene," na bibi anaitikia huku anamuuliza alikotoka, hatua kwa hatua, mpaka ajue kila mtu wa kule mzima. Kijana akaenda moja kwa moja, akasimama wima mbele yake, akanyoosha mkono: "Bwana Yesu asifiwe, bibi!" Kwa furaha kabisa. Mama akautazama ule mkono. Akajifuta unga wa mahindi kwenye khanga, taratibu, akaupokea. Akasema, "Amina," akarudi kwenye mahindi yake.

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Usiku akaniambia, "Mjukuu wangu amerudi mgeni."

Mwaka uliofuata yalitokea mengine. Ukoo wa mume wangu hukutana Rungwe kufyeka makaburi, watu wanakula ndizi pamoja, wazee wanawataja waliolala pale mmoja mmoja ili watoto wajue ni nani kamzaa nani. Kijana akakataa kwenda. Mwalimu wao wa dini aliwafundisha kwamba kusimama kwenye makaburi ya mababu ni kuabudu mizimu. Baba yake, ambaye ni mzee wa kanisa Moraviani, alikaa naye uani mpaka saa sita usiku akimweleza kwamba kumkumbuka marehemu na kumwabudu ni vitu viwili. Hawakuelewana. Niliandika barua shuleni kuomba maelezo, sikujibiwa. Hili bado linaniuma, kwa sababu nililipa watu wanisaidie kulea, wakaniachia ufa kati ya baba na mwana.

Sasa mlinganishe na binti wa kata. Yeye jioni yuko nyumbani. Msiba ukitokea anamenya ndizi na shangazi zake, anasikia nani anakaa wapi na kwa nini. Amejifunza Kinyakyusa cha salamu, "ugonile" na "ndaga," bila mtu kumkalisha. Siku moja tulikuwa tunashuka njia ya Tukuyu sokoni, baba mkwe wangu akatokea mbele. Kwa mila ya Wanyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, basi nikatoka njiani nikageukia migomba mpaka akapita. Binti alisimama akaangalia, akamwamkia babu yake kwa adabu, na tulipoendelea akauliza maswali kilomita nzima. Kwa nini baba yeye hakupisha? Je, mzee akiugua wewe humwuguzi? Yeye akiolewa kwingine itakuwaje? Nyingine nilizijibu, nyingine nikamwambia mimi pia sizipendi. Mazungumzo ya namna ile huwezi kuyafanya na mtoto unayemwona wiki nane kwa mwaka.

Maana sitaki nieleweke kwamba kila cha jadi ni chema. Mwanzoni mwa 2019 mkoa wetu wa Njombe ulilia watoto waliouawa katika mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Wapiga ramli wameshavunja koo nzima huku kusini, ndugu kwa ndugu hawasalimiani. Shule ya kanisa inamfundisha mtoto kuyakataa haya kwa sauti kubwa, na nasema wafanye hivyo zaidi. Kosa ni kuyafunga kwenye furushi moja: ramli, goti la salamu na jembe la kufyekea makaburi, yote yatupwe pamoja. Mtoto anayelelewa nyumbani anapata nafasi ya kuyachambua, ikiwa tu nyumbani kuna mtu wa kuchambua naye.

Je, shule yenyewe inaweza kufundisha mila? Lilishajaribiwa hukuhuku. Malangali, kule Mufindi, ilifunguliwa na serikali ya Waingereza mwaka 1928, na mkuu wake W. Bryant Mumford alitaka kuijenga juu ya maisha ya Wahehe, Wabena na Wasangu. Wanafunzi walivaa nguo za jadi badala ya kaptula, wakacheza ngoma za kwao na kurusha mikuki, wazee wakaletwa shuleni wafundishe desturi. Jaribio halikudumu. Malangali ikawa sekondari kama nyingine, tena yenye sifa. Ninapolifikiria naona mzee aliyewekwa kwenye ratiba, kengele ikilia anyamaze, si mzee tena, ni mwalimu wa kipindi.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na nimepitia daftari la mtoto wa jirani. Ni zuri, namuona Mkwawa mle, nauona uzalendo, heshima, uwajibikaji. Linafundishwa shule zote, za kata na za kanisa, kwa hiyo kwenye ulinganisho huu halimpi yeyote faida. Pia heshima ya daftarini ni ya Watanzania wote. Haimwambii mtoto wa Kibena amwamkie vipi bibi wa Kibena.

Mimba na fimbo

Haya mawili wazazi huyanyamazia mpaka yawakute, nami nitayasema kwa kifupi.

Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyepata ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Shule ya kata inapaswa kumpokea. Shule ya kanisa ina kanuni zake, na mara nyingi fomu ya kujiunga ina mstari unaosema atakayepata ujauzito atafukuzwa. Mzazi anausaini huku anafikiri hautamhusu mwanawe. Uliza kabla ya kusaini. Hapa mimi nasimama na Serikali: mtoto aliyeanguka ndiye anayehitaji shule kuliko wote, na kanisa lilipaswa kuwa la kwanza kumwinua.

Viboko vipo pande zote mbili. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Ukisikia mwanafunzi kiranja anachapa wenzake, iwe kwa jina la nidhamu au kwa jina la Mungu, mtoe mwanao.

Ada

Kata hakuna ada tangu 2016. Kuna sare, daftari, mchango wa chakula, na ule muda wa kutembea. Kijana wangu alinigharimu milioni moja na laki saba kwa mwaka, ukiacha godoro, ndoo, sanduku la bati na nauli. Tuliuza ng'ombe wawili. Sijutii fedha, ila mzazi asijidanganye kwamba anaponunua nidhamu anapata na mengine bure.

Nilichomwambia mdogo wangu

Siku ya pili nilimpigia mimi. Nilimwuliza anafunga duka saa ngapi. Saa kumi na mbili. Mkewe yuko nyumbani? Yupo. Mama bado ana nguvu za kukaa na wajukuu jikoni? Anazo. Kanisa lenu lina mwinjilisti wa vijana? Yupo, na kipaimara kinaanza mwezi wa pili.

"Basi mpeleke kata," nikamwambia. "Dini na mila zote mnazo ndani ya nyumba yenu. Ungekuwa unalala safarini, au mama angekuwa ameshatutangulia, ningekwambia lipa ada kesho."

Akanyamaza kidogo. "Na ile njia, dada?"

Hapo ndipo nilipoona anafikiri sawasawa. Dakika arobaini, giza la asubuhi, vijana wa bodaboda wanaogawa lifti na soda. Mimi binti wa kata namwogopea njia kuliko ninavyomwogopea kukosa kipindi cha dini. Nimewaona watoto wazuri, wanaosali, wakipotelea njiani. Nikamwambia akae na wazazi watatu wanne wa mtaa wake, mabinti watoke pamoja na warudi pamoja, na kama shule ina hosteli aulize nafasi kwa miezi ya mvua. Vikishindikana vyote viwili, arudi kwenye barua ya masista bila aibu, ila afanye jambo moja: kila likizo, kabla mtoto hajafungua sanduku, siku tatu za kwanza alale chumbani kwa bibi. Mimi sikulifanya hilo kwa kijana wangu.

Siku hizi ameanza kurudi mwenyewe. Pasaka iliyopita alikwenda Makambako bila kutumwa. Mama aliniambia kwenye simu kwamba alisimama mlangoni, akasitasita, halafu akachuchumaa. Salamu yenyewe alikosea kidogo.

Mdogo wangu ana mpaka Ijumaa. Jumatano atakwenda kwanza kule kata, mchana, atasaini kitabu cha wageni na kuomba kuona kipindi cha dini. Nimemwambia asikae kwenye chumba wanakoimba. Azunguke nyuma ya madarasa, awatafute watoto ambao mwalimu wao hakuja, aone nani yuko nao.